Kanisa chini, kitanda juu: kuisoma nyumba ya Montaigne

Kwenye ukuta wa mnara mmoja wa mawe, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kuna tundu. Si dirisha, wala si ufa wa uzee. Ni njia nyembamba iliyopitishwa mshazari ndani ya unene wa ukuta, kutoka chumba cha kulala cha ghorofa ya kwanza hadi kwenye kikanisa kilichoko chini. Mwenye nyumba alikuwa na ugonjwa wa mawe ya figo, na asubuhi ambayo hakuweza kushuka alibaki kitandani akategea sikio. Sauti ya padri ilipanda yenyewe, na Kilatini chake chote, mpaka ikamfikia kwenye mto wa kulalia.

Mwenye nyumba huyo ni Michel de Montaigne, aliyezaliwa hapo tarehe 28 Februari 1533 na kufia hapo tarehe 13 Septemba 1592. Walimu wa fasihi wanamtaja kwa insha zake. Mimi leo nina haja na nyumba yake, kwa sababu imewachanganya watu wengi. Kibao cha barabarani kinaiita château, neno ambalo sisi tungelitafsiri kasri au ngome. Anayejua historia ya majengo atakwambia ilianza kama nyumba ya kimwinyi ya shambani, ikaja kuzungushiwa kuta baadaye. Mgeni naye anafika, anapiga picha jumba kubwa lenye mapaa marefu, anaondoka akiamini amepiga picha nyumba ya mwandishi. Kumbe jumba lile ni rika moja na mnara wa Eiffel.

Tuanze na neno. Wafaransa wana manoir, linalotokana na kitenzi cha Kilatini manere, yaani kukaa, kubaki. Ni makao tu. Lakini katika sheria za zamani neno hilo halikupima ukubwa wala uzuri wa jengo. Lilieleza jinsi jengo linavyohusiana na ardhi. Nyumba ikiwa ndiyo kitovu cha shamba la kikabaila, pale wakulima wanapopeleka nafaka, kuku na fedha wanazodaiwa, basi hiyo ni manoir hata kama paa linavuja. Ngome ilikuwa jambo lingine. Kujenga minara, kuchimba handaki na kuweka daraja la kuinuliwa kulihitaji ruhusa, na ruhusa haikutoka kwako wewe mwenye shamba bali kwa kabaila aliye juu yako. Kwa hiyo nyumba moja ingeweza kuwa makao ya mwinyi kwa karne mbili, kisha mjukuu akapata kibali, akaongeza minara miwili, na watu wakaanza kuiita château. Jengo lilikua na jina likalifuata.

Kuna kipimo kimoja cha zamani ninachokipenda sana. Katika sheria za kimila za Paris na viunga vyake, baba wa kiungwana akifa, mtoto wa kwanza wa kiume alichukua makao makuu ya ukoo kabla mirathi haijagawanywa, pamoja na ardhi iliyoizunguka nyumba kwa umbali ambao jogoo aliyehasiwa angeweza kuruka. Waliita hivyo hivyo, mruko wa jogoo. Wanasheria waliona kipimo hicho kitaleta ugomvi (jogoo wa nani, na upepo ukivuma je?), wakakigeuza kuwa eneo maalumu lenye hesabu. Montaigne (ndilo jina la mahali penyewe pia) haiko Paris na mila za kule kwao zilikuwa tofauti, lakini wazo lilikuwa lile lile: nyumba haigawanywi. Ukoo unaweza kugawana mashamba, vyombo, hata madeni, ila nyumba inabaki kwa mmoja, kwa sababu ndani yake ndimo jina linamokaa.

Na jina ndilo lililonunuliwa hapa.

Mwaka 1453, kilomita chache kutoka kilima chenye nyumba hii, jeshi la Ufaransa liliwashinda Waingereza kwenye mapigano ya Castillon. Ndiyo yaliyofunga Vita vya Miaka Mia, na kwa mji wa Bordeaux yalifunga pia takriban miaka 300 ya kuwa chini ya wafalme wa Uingereza, ambao walikuwa wanunuzi wakubwa wa divai yake. Nchi ya pembezoni ilikuwa imechakaa: mashamba yameota magugu, mabwana wengine wamehama, wengine wamefilisika. Mwenye fedha taslimu alipata nafasi. Mmoja wao alikuwa Ramon Eyquem, mfanyabiashara wa Bordeaux aliyechuma kwa divai, samaki wa chumvi na pastel, ule mmea uliotumika kutia nguo rangi ya buluu. Mwaka 1477, akiwa mzee wa miaka 70 na zaidi, alinunua nyumba ya Montaigne pamoja na mashamba, misitu na vinu vyake. Mwaka uliofuata akafa.

Kwa nini mzee wa umri ule, mwenye duka na maghala mjini, anunue kilima kilichoko mbali na duka lake? Kwa sababu duka halikumpa mtu uungwana, na ardhi ya kikabaila iliuelekea. Nasema iliuelekea kwa makusudi, maana wengi hukosea hapa. Kununua shamba la bwana hakukukufanya bwana. Mtu wa kawaida aliyenunua ardhi ya aina hiyo alidaiwa na mfalme kodi maalumu, kana kwamba analipia kosa la kukalia kiti kisicho chake. Uungwana ulikuja polepole, kwa ukoo kuishi kiungwana kizazi baada ya kizazi mpaka majirani wasahau. Na kuishi kiungwana kulikuwa na masharti: uende vitani mfalme akiita, ule mapato ya ardhi, uwinde, na zaidi ya yote usiuze kitu kwa rejareja. Muungwana aliyefungua duka alihesabiwa kuwa amejivua hadhi yake. Divai ya shambani kwako unaweza kuuza, hiyo ni mali ya ardhi. Samaki, hapana.

Ukitazama akina Eyquem kwa jicho hilo, unaiona ngazi. Ramon ananunua lakini anabaki mtu wa Bordeaux. Mwanawe Grimon anaendelea na biashara mjini na kuijali nyumba kwa mbali. Mjukuu, Pierre, anazaliwa Montaigne kwenyewe mwaka 1495, wa kwanza wa ukoo, anakwenda kupigana Italia kama muungwana anavyopaswa, anarudi, anakuwa meya wa Bordeaux mwaka 1554, na ndiye anayeikarabati nyumba na kuizungushia kuta. Kitukuu, Michel, anaacha kabisa kutumia jina la Eyquem. Anajiita Michel de Montaigne, Michel wa Montaigne, na tangu hapo kilima ndicho ukoo.

Kinachochekesha ni kwamba huyu huyu Michel aliandika akiilaani desturi ya kuwaita watu kwa majina ya mashamba yao. Aliona inavuruga nasaba, kwa kuwa shamba likiuzwa jina nalo linahamia kwa mgeni. Tena aliandika kwamba wengi wa mababu zake walizaliwa pale. Wengi! Alikuwa baba yake tu. Msomi mmoja maarufu wa zama zile, Scaliger, hakumwacha: alieneza kuwa baba yake Montaigne alikuwa muuza samaki. Alikosea kizazi, samaki aliwapata sawa.

Sasa kikanisa. Hapa ndipo maelezo mengi ya kitalii yanapotosha, kwa sababu yanakieleza kama pambo la utajiri, kitu kama bwawa la kuogelea la siku hizo. Kilikuwa pia jambo la sheria, na sheria yenyewe ilikuwa na mafundo.

Kila Mkatoliki alikuwa wa parokia fulani, na paroko hakuwa mtu wa kupuuzwa. Tangu Mtaguso wa Laterano (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 1215 kila muumini aliye mtu mzima alipaswa kuungama walau mara moja kwa mwaka na kupokea komunyo wakati wa Pasaka, chini ya paroko wake mwenyewe. Ubatizo, ndoa na maziko navyo vilikuwa vya parokia, pamoja na sadaka zake. Bwana wa kijiji mwenye kikanisa nyumbani hakutoka kwenye mpango huo. Alichopata ni fadhila ya kusomewa misa nyumbani siku nyingine, kwa ruhusa ya askofu. Ruhusa hizo zilikuwa zimezagaa kiasi kwamba Mtaguso wa Trento, Septemba 1562, uliagiza maaskofu wasiache misa isomwe ovyo majumbani mwa watu, isipokuwa katika vikanisa vilivyotengwa kwa ibada peke yake na vilivyokaguliwa na askofu mwenyewe. Ina maana kikanisa halali cha nyumbani kilikuwa chumba ambacho mwenye nyumba hakuwa na amri nacho kamili. Kiko ndani ya kuta zake, lakini askofu anaweza kuja kukitazama.

Na Montaigne kulikuwa na fundo la ziada: kabaila aliyekuwa juu ya shamba lile, ambaye mwenye nyumba alipaswa kumwapia utii kwa ajili ya ardhi, alikuwa Askofu Mkuu wa Bordeaux.

Wakati huohuo, bwana hakuliachia kanisa la parokia heshima zake. Kote Ufaransa mabwana walidai kiti cha mbele karibu na altare, kunyunyiziwa maji ya baraka kabla ya watu wengine, kufukiziwa ubani, kuzikwa ndani ya kanisa. Bwana akifa, mkanda mweusi wenye nembo za ukoo ulipakwa kuuzunguka ukuta wa kanisa, na mahali pengine bado unaona mabaki yake chini ya chokaa. Familia jirani zilipelekana mahakamani miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya nani anyunyiziwe maji kwanza. Ukisikia bwana alikuwa na kikanisa chake nyumbani, usidhani alilikimbia kanisa la kijiji. Alikuwa na vyote viwili: kule alionekana, huku alisali.

Kikanisa cha Montaigne ni kidogo, watu wachache wanakijaza. Kipo chini kabisa ya mnara wa pembeni, mahali penye giza la wastani na ubaridi wa mawe, dari yake ni kuba ya chini iliyopambwa kwa nyota. Juu ya altare amechorwa Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga joka, naye ndiye msimamizi wa kijiji, ambacho leo kinaitwa Saint-Michel-de-Montaigne. Ukipanda ngazi za mzunguko unakuta chumba cha kulala. Ukipanda tena unafika kwenye maktaba.

Mwenyewe aliieleza ramani hiyo kwa utaratibu, kama mtu anayekuonyesha nyumba yake huku ameshika taa. Chini kanisa. Katikati chumba cha kulala, ambako alipenda kujilaza ili awe peke yake. Juu maktaba ya mviringo, kipenyo hatua 16, vitabu vimepangwa safu tano kumzunguka hivi kwamba akiwa mezani aliviona vyote kwa mara moja, vipatavyo 1,000. Pembeni kijichumba chenye meko kwa siku za baridi. Madirishani aliona bustani, ua wa kuku na uwanja wa ndani, akaweza kuamrisha mambo ya nyumbani bila kushuka. Kwenye boriti za dari alipakisha maneno ya Kigiriki na Kilatini, zaidi ya misemo 50, mingi ikitoka kwa wanafalsafa wa mashaka na mingine kwenye Biblia, hasa kitabu cha Mhubiri. Bado yanasomeka.

Basi tazama mpangilio: chini Mikaeli anamkanyaga joka kwa uhakika wote, juu kabisa boriti zinamwambia msomaji kwamba binadamu hajui kitu kwa hakika, na kati ya hivyo viwili kuna kitanda. Wapo wachambuzi waliojaza kurasa wakiuliza kama mtu huyu alikuwa Mkatoliki kweli au alijifanya. Nadhani jengo lina jibu lake. Hakuona haja ya kuchagua ghorofa moja.

Kengele nayo ilikuwemo mnarani humo. Kubwa, na kila alfajiri na kila machweo iligongwa kwa ajili ya Salamu Maria. Alisema mnara wenyewe ulitikisika. Siku za mwanzo alidhani hataweza kuvumilia. Baada ya muda mfupi alilala usingizi wake na kengele ikapita juu yake bila kumwamsha. Alitumia mfano huo kueleza nguvu ya mazoea, na yeyote aliyewahi kupanga chumba jirani na kengele ya shule au spika za ibada atamwelewa.

Maisha hayo ya mnarani yalianza mwaka 1571. Baba alikuwa amefariki 1568 akimwachia nyumba. Michel akaacha kazi ya ujaji katika mahakama kuu ya Bordeaux, na alipotimiza miaka 38 akaandikisha ukutani kwa Kilatini kwamba amechoka na utumwa wa mahakama na vyeo, na anarudi kukaa katika makao ya mababu. Ukitoa lile neno mababu, habari ni ya kweli. Mkewe, Françoise de La Chassaigne, alikuwa na mnara wake kwenye pembe nyingine ya ua. Watu hutabasamu wakisikia hivyo. Lakini ndiye aliyeibeba nyumba kwa miongo, wakati mume yuko vitabuni, yuko safarini Italia, au yuko Bordeaux akihudumu kama meya.

Nje ya ukuta nchi ilikuwa inawaka. Kati ya 1562 na 1598 Ufaransa ilipitia vita nane vya dini, Wakatoliki kwa Waprotestanti, na kilima cha Montaigne kilikaa katikati yao. Bordeaux ilikuwa ya Wakatoliki. Bergerac na Sainte-Foy, kando ya mto Dordogne, upande unakotoka maji, zilikuwa za Waprotestanti. Hata ndani ya familia mstari ulipita katikati ya meza: ndugu yake Thomas na dada yake Jeanne walijiunga na Waprotestanti wa Kalvini, na binti wa Jeanne huyo huyo alikuja kuwa mtawa, akatangazwa mtakatifu na Roma mwaka 1949. Katika mazingira hayo kengele ya Salamu Maria haikuwa saa ya ukutani. Ilimtangazia kila mpita njia, mara mbili kwa siku, nyumba hii iko upande gani.

Ungetarajia nyumba ya namna hiyo ijae bunduki. Majirani zake walifanya hivyo, wakaweka walinzi, na nyumba nyingi zikavunjwa na kutekwa. Yeye alikataa. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua watu: ulinzi unamwita mshambuliaji, kwa sababu kuteka nyumba yenye ulinzi ni ushujaa, na kuteka nyumba iliyo wazi ni aibu. Aliweka bawabu mmoja tu, wa desturi ya kale, ambaye kazi yake haikuwa kuuzuia mlango bali kuwakaribisha watu kwa adabu.

Hoja hiyo ilijaribiwa. Siku moja jirani mmoja alifika peke yake, farasi anahema, akasema ameshambuliwa na adui yake karibu na hapo na anaomba hifadhi. Alikuwa mtu wa kujuana na familia, Montaigne akamkaribisha. Punde wakaja askari wake wanne au watano, na maelezo yale yale, farasi wanahema. Kisha wengine, mpaka wakafika 25 au 30, wote uani, juu ya farasi, wenye silaha. Mwenyeji alishaelewa. Lakini kuwafukuza watu alioanza kuwakaribisha angewezaje? Aliendelea na ukarimu wake uleule, akamketisha mgeni sebuleni. Askari waliokuwa uani walimwangalia kiongozi wao wakingoja ishara. Hakuitoa. Akainuka, akapanda farasi, wakaondoka. Baadaye jirani huyo alisimulia bila kuona haya kwamba alikuja kuiteka nyumba, na kwamba uso wa mwenyeji na uwazi wake vilimwondolea hila mikononi.

Mgeni mkubwa zaidi alikuja tarehe 19 Desemba 1584: Henri, mfalme wa Navarre, kiongozi wa Waprotestanti, mtu ambaye miaka mitano baadaye angekuwa Henri IV wa Ufaransa. Alikuja na mabwana karibu 40. Alikaa siku mbili, akahudumiwa na watumishi wa Montaigne badala ya wake, akalala kwenye kitanda cha mwenyeji. Montaigne aliandika kumbukumbu ya ziara hiyo, na ndani yake kuna jambo linalohitaji kufafanuliwa. Anasema mfalme hakutaka essai. Wakati ule, mezani pa mfalme, neno hilo lilimaanisha kuonja: mtumishi anaonja chakula kwanza, ili kama kina sumu afe yeye. Neno ni lile lile Montaigne alilolipa kitabu chake kilichotoka mwaka 1580, akimaanisha majaribio, kuonja mambo. Ndilo lililozaa jina la insha katika lugha nyingi za Ulaya. Insha yetu imepita njia nyingine, kutoka Kiarabu. Kwa hiyo mfalme Mprotestanti, katika nyumba yenye kikanisa cha Kikatoliki, alikula bila kuonjewa. Kama uliwahi kujiuliza imani kati ya maadui hupimwaje, ilipimwa pale kwa sahani. Alipoondoka, mwenyeji alimfungulia paa dume msituni mwake, wakamwinda siku mbili.

Uwazi haukuwa salama daima. Mwaka 1586 jeshi la Wakatoliki lilizingira Castillon, na tauni ikafuata nyuma ya majeshi. Montaigne alilazimika kuichukua familia, mama yake akiwemo, akatangatanga kwa miezi sita akitafuta wa kumpokea, kwa sababu kila mtu aliwaogopa watu waliotoka kwenye tauni. Zabibu zilibaki zimening'inia mizabibuni bila mvunaji.

Alikufa chumbani mwake kwa ugonjwa wa koo uliomnyima sauti siku za mwisho. Aliita majirani waungwana waje kuagana, akaagiza misa isomwe hapo hapo chumbani. Rafiki yake Étienne Pasquier ameandika kwamba padri alipoinua hostia, mkate wa misa, mgonjwa alijaribu kujiinua kitandani, mikono imefumbatana, akakata roho. Alikuwa na miaka 59. Moyo wake uliachwa katika kanisa la kijiji, mwili ukapelekwa Bordeaux.

Kuanzia hapo nyumba ilipita mikononi mwa wanawake, jambo ambalo wapenda nasaba husahau. Kati ya watoto sita, mabinti wote, aliyekua ni Léonor peke yake. Kupitia kwake na binti yake na wajukuu, kilima kikaingia katika ukoo wa Ségur. Vitabu vilitawanyika; leo vinavyojulikana kuwa vilikuwa vyake, vyenye saini, ni kama 100 hivi. Makaratasi yalisahaulika. Mwaka 1770 padri mmoja mtafiti, Joseph Prunis, aliyekuwa akikusanya historia ya jimbo la Périgord, alifunguliwa sanduku kuukuu nyumbani hapo, akakuta hati ya safari ya Montaigne ya Italia, ambayo ilikuwa imelala karibu miaka 190. Ikachapishwa 1774. Kisha hati yenyewe ikapotea, na haijaonekana tena.

Halafu Mapinduzi ya Ufaransa. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge jipya lilitangaza mwisho wa haki za kikabaila, na tarehe 2 Novemba mwaka huohuo mali ya Kanisa ikawa ya taifa. Hapo msomaji hujikwaa: je, kikanisa cha nyumbani ni mali ya Kanisa, au ni haki ya kikabaila, au ni chumba cha nyumba? Sheria ya Julai 1790 iliyolipanga upya Kanisa la Ufaransa ilijibu. Vikanisa vilivyo ndani ya maboma ya watu binafsi, vinavyohudumiwa na padri aliye chini ya mwenye nyumba pekee, vilitengwa na hatua za kufutwa. Ni chumba cha nyumba, basi. Viti vya mbele, ubani na mkanda mweusi ndivyo vilivyofutwa, kwa sababu vilimweka mtu juu ya wenzake mbele ya umma. Na sheria ya kutenganisha dini na serikali ya mwaka 1905 ilipokuja, tofauti hiyo ikaendelea: makanisa ya zamani ya parokia kwa kawaida ni mali ya manispaa, kikanisa cha nyumbani ni mali ya mwenye nyumba. Ndiyo maana Saint-Michel-de-Montaigne, mwendo mfupi kwa miguu, kuna altare mbili zenye wamiliki wa aina mbili, na Mikaeli yuleyule.

Katikati ya karne ya 19 nyumba ilinunuliwa na Pierre Magne, waziri wa fedha wa Napoleon III, kaizari wa Ufaransa, aliyeikarabati kwa fahari ya wakati wake. Alifariki 1879. Januari 1885 moto ukaliteketeza jumba kuu: sebule alimoketishwa yule jirani mwenye hila, vyumba, kila kitu cha upande ule. Warithi walijenga upya mahali palepale, na hilo ndilo jumba la kwenye picha.

Mnara haukuguswa. Ulisimama pembeni, mbali na jumba, na moto haukuvuka ua. Kikanisa, tundu, chumba cha kulala, boriti zenye maandishi, vyote vikabaki, na mizabibu nje bado inatoa divai. Montaigne alipoeleza chumba chake cha maktaba, kabla ya kusifia madirisha na hatua zake 16, alitaja kwamba zamani kilikuwa ghala la nguo, na kwamba katika nyumba nzima hapakuwa na mahali pasipofaa kitu kama pale.